Maisha ya Edith Nesbit, Mwandishi wa The Story of the Treasure Seekers

Utangulizi

Mwanafunzi, kabla hujafungua sura ya kwanza ya riwaya hii, ni vyema umjue aliyeiandika. Watahiniwa wengi huiruka sehemu ya maisha ya mwandishi wakidhani haina alama. Ni kweli kwamba huenda usiulizwe tarehe aliyozaliwa. Hata hivyo, maswali kuhusu usuli, mandhari, nafsi ya usimulizi na dhamira utayajibu kwa urahisi zaidi ukijua mwandishi alitoka wapi, aliishi vipi na kwa nini suala la pesa linajitokeza karibu katika kila sura.

Riwaya ilichapishwa London mwaka wa 1899. Inawahusu ndugu sita wa familia ya Bastable: Dora, Oswald, Dicky, mapacha Alice na Noel, na kitindamimba Horace Octavius anayeitwa H.O. Mama yao amefariki na biashara ya baba yao imeanguka. Vyombo vya fedha vimetoweka nyumbani, karo ya shule haipatikani, na wenye madeni wanabisha hodi mlangoni. Watoto hawa wanaamua kutafuta hazina ili warudishe heshima ya ukoo wao. Kila sura ni mbinu mpya ya kupata pesa, na karibu kila mbinu inaenda mrama.

Unapoyasoma maisha ya Nesbit, jiulize swali hili: mtu aliyeandika kwa ucheshi kiasi hiki kuhusu ukosefu wa pesa, yeye mwenyewe aliujulia wapi ukosefu huo?

Kuzaliwa na malezi

Edith Nesbit alizaliwa tarehe 15 Agosti mwaka wa 1858 katika mtaa wa Kennington, ambao leo ni sehemu ya jiji la London, nchini Uingereza. Baba yake, John Collis Nesbit, alikuwa mwanakemia wa kilimo na mkuu wa chuo cha kilimo kilichokuwa papo hapo nyumbani kwao. Edith alikulia katika boma lenye bustani, mifugo na nafasi ya kuchezea, jambo lililokuwa adimu kwa watoto wa mjini.

Raha hiyo haikudumu. Baba yake aliaga dunia mwezi wa Machi mwaka wa 1862, kabla Edith hajatimiza miaka minne. Mama yake, Sarah, akabaki mjane mwenye watoto wa kulea. Edith alikuwa na kaka wawili waliomtangulia, Alfred na Henry, dada yake Mary, pamoja na Saretta, binti wa mama yake kutoka ndoa ya awali.

Mtazame sasa Edith na uwatazame watoto wa Bastable. Wao wamepoteza mama, naye alipoteza baba. Katika vitabu vyake vingi vya watoto, mzazi mmoja au wote wawili hawapo: wamekufa, wamesafiri, ni wagonjwa au wamefungwa. Ukiulizwa kwa nini watoto katika riwaya hii wanajiamulia mambo makubwa bila mtu mzima, kumbuka kwamba mwandishi alilijua pengo hilo tangu utotoni.

Pigo la pili lilikuwa ugonjwa. Dada yake Mary aliugua kifua kikuu. Wakati huo ugonjwa huu haukuwa na dawa, na madaktari walishauri wagonjwa wakakae mahali penye hewa ya joto. Kwa hiyo mama akaihamisha familia mara kwa mara, wakaishi miji mbalimbali ya Uingereza na ya Ufaransa. Edith alipelekwa katika shule za bweni alizozichukia, akatolewa, kisha akapelekwa nyingine.

Kisa kimoja cha safari hizo kilimwandama maisha yake yote. Alipokuwa na umri wa miaka tisa hivi, walifika mji wa Bordeaux, Ufaransa. Akasikia kwamba chini ya kanisa fulani kulihifadhiwa maiti zilizokaushwa. Alifurahi, kwa kuwa alikuwa ameona maiti za Misri katika jumba la makumbusho la London, zikiwa zimefungwa vizuri ndani ya majeneza yaliyopakwa rangi. Alichokikuta kilikuwa tofauti kabisa. Mifupa yenye ngozi iliyokauka ilikuwa imesimamishwa ukutani kumzunguka, vinywa wazi. Kwa miaka mingi baadaye aliogopa kulala gizani. Alipokuwa mtu mzima alikisimulia kisa hicho katika mfululizo wa makala kuhusu siku zake za shule, yaliyotoka katika jarida la wasichana mwaka wa 1896 na 1897. Alipokuwa akiyaandika makala hayo ndipo alipoanza kuwaandikia watoto kwa sauti yake halisi. Aligundua kwamba bado alikumbuka jinsi mtoto anavyoona, anavyoogopa na anavyoaibika.

Mary alifariki mwaka wa 1871. Baadaye familia ilipanga nyumba kijijini Halstead, katika jimbo la Kent, kusini mashariki mwa Uingereza. Nyumba hiyo ilikuwa na bustani, kidimbwi na reli iliyopita karibu. Edith na kaka zake walicheza kandokando ya reli hiyo, na kumbukumbu zake zikaja kumsaidia kuandika The Railway Children miaka mingi baadaye. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na saba hivi, familia ilirejea London. Enzi ya bustani kubwa ikawa imekwisha.

Ndoa na dhiki ya pesa

Mwaka wa 1877 Edith alikutana na Hubert Bland, kijana aliyekuwa karani wa benki. Walioana tarehe 22 Aprili mwaka wa 1880, Edith akiwa na mimba ya miezi saba. Katika jamii ya Uingereza ya wakati huo, hali hiyo ilikuwa fedheha kubwa kwa mwanamke. Isitoshe, mwanzoni Hubert aliendelea kuishi kwa mama yake, na mke akabaki peke yake katika nyumba ya kupanga.

Hubert alikuwa ameweka mtaji katika biashara ya kutengeneza brashi. Muda mfupi baada ya harusi akaugua ndui. Alipokuwa kitandani akipigania uhai wake, mshirika wake katika biashara alitoroka na fedha. Familia changa, yenye mtoto mchanga, ikaachwa mikono mitupu.

Simama hapo kidogo. Katika riwaya, baba yao Oswald aliugua sana baada ya kifo cha mkewe, na mshirika wake wa biashara akaenda Uhispania na pesa zikapotea. Unaona basi kwamba mwandishi hakuitunga kadhia hii bila msingi. Alichukua jeraha la nyumbani kwake, akalitia katika nyumba ya Bastable, kisha akampa mtoto alisimulie. Mtoto huyo haelewi kila kitu, na hilo ndilo linalotufanya tucheke na kuhuzunika kwa pamoja.

Ni Edith aliyeshika usukani wa nyumba. Alichora na kuandika kadi za salamu za Krismasi kwa malipo madogo. Alitunga mashairi na hadithi fupi, akazitembeza mwenyewe kutoka ofisi moja ya gazeti hadi nyingine. Sura ambayo Noel na Oswald wanapeleka mashairi kwa mhariri wa gazeti, wakipanda ngazi kwa woga wasijue kama watafukuzwa au watalipwa, imeandikwa na mtu aliyezipanda ngazi hizo mwenyewe. Noel analipwa gini moja, yaani shilingi ishirini na moja. Kwa mtoto hizo ni pesa nyingi mno, na kwa mwandishi maskini zilikuwa kodi ya nyumba.

Edith na Hubert walipata watoto watatu waliokua: Paul, aliyezaliwa mwaka wa 1880, Iris wa mwaka wa 1881 na Fabian wa mwaka wa 1885. Katika mizunguko yake ya kuuza hadithi, Edith alikutana na Alice Hoatson aliyefanya kazi katika jarida moja la wanawake. Wakawa marafiki, na Alice akaja kuishi nao akisaidia kazi za nyumbani na za uandishi. Baadaye Alice alizaa watoto wawili na Hubert: Rosamund mwaka wa 1886 na John mwaka wa 1899. Edith aliwachukua wote wawili akawalea kama wanawe wa kuzaa, na siri hiyo ikatunzwa kwa miaka mingi.

Huenda ukamlaumu Hubert, ukamhurumia Edith au ukamshangaa Alice. Hayo ni maoni yako na una haki nayo. Muhimu kwa uchambuzi wako ni kwamba nyumba aliyoishi mwandishi ilijaa watoto, ilijaa wageni, na pia ilijaa mambo ambayo watu wazima waliyajua na watoto hawakuambiwa. Riwaya hii nayo imejengwa juu ya pengo hilo kati ya wanachokijua wakubwa na wanachokiona wadogo.

Mwanaharakati

Tarehe 4 Januari mwaka wa 1884, kikundi kidogo cha watu kilikutana London na kuanzisha Chama cha Fabian. Hubert Bland aliongoza mkutano huo, naye Edith alikuwa miongoni mwa waanzilishi. Chama hiki kilitaka jamii yenye usawa zaidi, lakini kwa mabadiliko ya polepole, si kwa mapinduzi ya damu. Jina lake lilitokana na Fabius, jemadari wa Roma ya kale aliyesifika kwa kusubiri wakati mwafaka. Wawili hawa walilipenda jina hilo hata wakampa mtoto wao, na wakalitumia pia kama jina la kalamu, Fabian Bland, walipoandika pamoja. Miongoni mwa marafiki waliowapata chamani alikuwamo mwandishi wa tamthilia George Bernard Shaw.

Edith hakuishia kwenye mihadhara. Kwa miaka kadhaa aliwaandalia karamu za Krismasi watoto maskini wa mtaa wa Deptford, akiwatafutia chakula, nguo na zawadi.

Hata hivyo, usimchore kama malaika. Mwanamke huyu aliyekata nywele fupi, akavuta sigara hadharani na kuilisha familia kwa kalamu yake hakuunga mkono harakati za wanawake kupata haki ya kupiga kura. Alipenda pia kutia sahihi E. Nesbit, bila jina la kwanza, hivi kwamba baadhi ya wasomaji walimdhania mwanamume. Mwandishi anaweza kuona mbali katika jambo moja na asione karibu katika jingine. Mhakiki mzuri huyataja yote mawili.

Riwaya iliyomtoa gizani

Kwa karibu miaka ishirini Edith aliandika kila kitu kilichoweza kumpa mkate: mashairi, hadithi za mapenzi, hadithi za kutisha na vitabu vidogo vya watoto. Ndoto yake ilikuwa kukumbukwa kama mshairi. Lakini kilichompa jina ni visa vya watoto wa Bastable. Baadhi ya visa hivyo vilitoka kwanza magazetini, kisha vikakusanywa na kuchapishwa kama kitabu mwaka wa 1899, Edith akiwa na miaka arubaini na mmoja. Alikitabaruku kitabu hicho kwa rafiki yake Oswald Barron, na bila shaka unaliona jina hilo kwa msimulizi wa riwaya.

Upya wa riwaya hii ulikuwa nini? Kwanza, msimulizi ni mtoto. Anaahidi kutomtaja ni nani kati ya ndugu sita, lakini kila mara anamsifu Oswald kupita kiasi, hivyo msomaji anamtambua mapema. Hiki ni kinaya unachopaswa kukieleza vizuri mtihanini: msimulizi anajiona mwerevu katika kujificha, kumbe kila sentensi inamfichua. Pili, watoto wa Nesbit si vielelezo vya maadili. Vitabu vingi vya watoto vya kipindi hicho vilimwadhibu mtoto mbaya na kumtuza mwema. Hawa wanakosea kwa nia njema, wanagombana, wanapatana, na wana heshima yao wenyewe ambayo wanailinda kwa gharama.

Fuatilia safari ya pesa katika riwaya. Watoto wanachimba hazina bustanini, shimo linaporomoka na kumfukia mwenzao Albert hadi shingoni. Mjomba wa Albert anakuja kumchimbua, na ghafla anaokota udongoni sarafu mbili za shilingi mbili unusu kila moja. Watoto wanaamini wamepata hazina. Wewe msomaji unatambua kwamba mjomba amezitia mwenyewe. Hiyo ni huruma inayotolewa bila kumvunjia mtu hadhi, na ni funzo kubwa kuliko shilingi tano zenyewe.

Kisha wanamchochea mbwa wao amvamie mzee mmoja mheshimiwa uwanjani Blackheath ili wajitokeze kumwokoa na wapewe zawadi. Mpango unafichuka, nao wanabaki na aibu. Wakati mwingine Alice analipia telegramu kwa sarafu bandia, Noel akiwa mgonjwa. Dhamiri inamsuta, na Oswald anauza maua stesheni mpaka apate pesa halali za kulipa deni hilo. Linganisha visa hivi viwili. Katika cha kwanza watoto wanatafuta pesa kwa hila na wanapoteza heshima. Katika cha pili wanaipoteza pesa na wanairudisha heshima. Hapo ndipo penye kiini cha maudhui ya uaminifu.

Pesa za ghafla zinakuja mwishoni. Mjomba wa marehemu mama yao anarudi kutoka India. Watoto wanasikia maneno nusunusu, wanadhani ni fukara, na hata wanamchanganya na wenyeji wa asili wa Amerika. Wanamwalika chakula, wanamchangamsha kwa michezo na kumchangia kile kidogo walichonacho. Kumbe mjomba ni tajiri. Anamsaidia baba yao kuifufua biashara, na familia inahamia nyumbani kwake. Zingatia mpangilio huu: hazina haikupatikana walipoitafuta, bali walipokuwa wakimpa mtu mwingine wakiamini kwamba hatakuwa na cha kuwalipa.

Maelezo kuhusu sarafu: katika Uingereza ya wakati huo, pauni moja ilikuwa na shilingi ishirini na shilingi moja ilikuwa na peni kumi na mbili. Shilingi tunayotumia Kenya ilirithi jina lake huko. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianzishwa na serikali ya kikoloni mwaka wa 1921, nayo pia ikawa ishirini kwa pauni.

Mafanikio na msiba

Mwaka huo wa 1899 familia ilihamia Well Hall, nyumba kubwa ya kupanga huko Eltham, kusini mashariki mwa London, yenye bustani pana na handaki la maji lililoizunguka. Hapo Edith aliandika vitabu vyake maarufu zaidi. The Wouldbegoods, mwendelezo wa visa vya Bastable, kilitoka mwaka wa 1901. Five Children and It kikafuata mwaka wa 1902, The Phoenix and the Carpet mwaka wa 1904, na The Railway Children mwaka wa 1906. Kwa jumla aliandika au kushiriki kuandika zaidi ya vitabu 60 vya watoto.

Kitabu cha Five Children and It kinafaa kulinganishwa na riwaya unayoisoma. Humo watoto wanamfukua kiumbe wa ajabu mchangani, mwenye uwezo wa kutimiza ombi moja kwa siku, lakini kila anachokitoa hutoweka jua linapotua. Watoto wanaomba utajiri usiomithilika, na shimo lote la changarawe linajaa dhahabu. Tatizo ni kwamba dhahabu hiyo ni sarafu za kale zisizotumika tena. Wenye maduka wanazikataa, watoto wanashukiwa wizi na kukamatwa na askari, na jioni mifuko yao inakuwa mitupu. Nesbit anarudi tena kwenye fikra ileile: pesa zisizo na jasho wala jamii nyuma yake hazinunui hata kifungua kinywa.

Lakini mwaka wa 1900, kitabu chake kikiwa ndiyo kwanza kimepata sifa, mwanawe Fabian alifanyiwa upasuaji mdogo wa kooni pale nyumbani. Hakuzinduka kutoka kwenye dawa ya usingizi. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Jina na sifa alizozisubiri Edith kwa miaka ishirini zilifika mlango mmoja na msiba. Aliendelea kuandika kwa sababu nyumba ilimtegemea, na kitabu cha mwaka wa 1902 alikitabaruku kwa mtoto mdogo, John.

Miaka ya mwisho

Pesa zilipokuja, Edith alizitumia kwa ukarimu. Well Hall haikukosa wageni, karamu wala ndugu waliohitaji msaada. Hakuweka akiba kubwa. Hubert alifariki mwezi wa Aprili mwaka wa 1914, na miezi michache baadaye Vita vya Kwanza vya Dunia vikaanza. Soko la vitabu likadorora. Mwandishi aliyesomwa na maelfu ya watoto akalazimika kupangisha vyumba vya nyumba yake na kuuza mboga na maua ya bustani yake. Mwaka wa 1915 serikali ilimpa pensheni ya pauni 60 kwa mwaka kwa ajili ya mchango wake katika fasihi.

Faraja yake ikatoka mahali asipopatarajia. Tarehe 20 Februari mwaka wa 1917, akiwa na miaka hamsini na minane, aliolewa na Thomas Tucker, mtu wa kawaida aliyefanya kazi katika kivuko cha Woolwich na ambaye jamaa na marafiki walimwita Nahodha. Hakuwa na mali, lakini alikuwa na utu na alimtunza. Waliiacha Well Hall na kuhamia pwani ya Kent, wakaishi katika vibanda viwili vya zamani vya wanajeshi walivyoviunganisha kuwa nyumba. Edith alifariki huko tarehe 4 Mei mwaka wa 1924, akiwa na umri wa miaka 65. Alizikwa katika uwanja wa kanisa la St Mary in the Marsh. Mumewe alimchongea alama ya kaburi kwa mti, kwa mikono yake mwenyewe.

Mchango wake na hoja za kuhakiki

Waandishi wengi wa watoto waliokuja baadaye walijifunza kwake. C. S. Lewis aliwataja watoto wa Bastable katika mojawapo ya vitabu vyake vya Narnia, na J. K. Rowling amemtaja Nesbit kama mwandishi aliyemwathiri. Kuwaacha watoto wa kawaida wazungumze kama watoto, wagombane na wajiamulie, ni urithi alioutia nguvu yeye.

Unapoandika insha yako, usikubali tu kila kitu. Zingatia hoja tatu.

Kwanza, mwandishi alikuwa mjamaa aliyepinga tofauti za kitabaka, lakini riwaya yake inamaliza umaskini kwa njia ya mjomba tajiri. Je, huu ni udhaifu wa msuko, au ni kejeli? Mtu aliyejua kwamba hakuna mjomba aliyekuja kumwokoa huenda aliwapa wahusika wake kile ambacho yeye hakukipata.

Pili, utajiri huo umetoka India, iliyokuwa koloni la Uingereza. Riwaya haituelezi ulichumwa vipi wala na nani. Wewe uliyesoma historia ya ukoloni una haki ya kuuliza swali ambalo Oswald haulizi. Vilevile mkopeshaji katika riwaya amechorwa kwa dhana potofu kuhusu Wayahudi zilizoenea Uingereza wakati huo. Itambue dhana hiyo na uitaje kwa jina lake.

Tatu, usichanganye mwandishi na wahusika. Nesbit si Alice wala Noel, na Hubert si baba yao Oswald. Maisha ya mwandishi yanakuonyesha malighafi, lakini riwaya ni kitu kilichotengenezwa. Mtahiniwa anayeandika kwamba mwandishi alichimba hazina bustanini atapoteza alama. Anayeonyesha jinsi hofu ya deni katika nyumba ya mwandishi ilivyogeuzwa kuwa ucheshi katika nyumba ya Bastable ataelekea alama zote.

Maswali ya marudio

1. Eleza jinsi matukio matatu katika maisha ya Edith Nesbit yanavyojitokeza katika riwaya. (alama 6)
2. Mjomba wa Albert na watoto wa Bastable wote wanatoa pesa kwa njia inayolinda hadhi ya mpokeaji. Thibitisha. (alama 6)
3. Fafanua jinsi mwandishi anavyotumia kinaya kupitia msimulizi wa riwaya. (alama 8)
4. Pesa za ghafla haziwi baraka mpaka mtu ajifunze kutoa. Jadili kauli hii ukirejelea riwaya nzima. (alama 20)